Kabla Mti Haujakauka: Ikolojia ya Wadudu Waharibifu wa Misitu, Kuanzia Upareni hadi Sao Hill

Msangeni iko Ugweno, juu ya milima ya Upare Kaskazini, katika wilaya ya Mwanga iliyozaliwa mwaka 1979 Wilaya ya Pare ilipogawanywa na upande wa kusini ukawa Same. Anayepanda huko kutoka tambarare kavu za Mwanga hukutana na misitu ya aina tatu. Wa kwanza ni msitu wa hifadhi unaotunza vyanzo vya maji. Kwa Upare Kaskazini majina yake ni Kindoroko, Minja, Mramba na Kamwala. Wa pili ni msitu mdogo wa ukoo, mpungi, ambao kwa vizazi vingi haukuguswa na shoka kwa sababu ya heshima ya mizimu na matambiko. Wa tatu ni ule uliopandwa kwa mkono wa mtu: mikaratusi ya nguzo na kuni, misindano ya mbao, migrevilea kwenye mipaka ya mashamba ya migomba na kahawa, na misaiprasi, ambayo wengi huiita mikrismasi, ikizunguka shule, makanisa na nyumba za watu.

Misitu hii mitatu hupata mvua za vuli na masika zile zile, lakini wadudu hawaitendei sawasawa. Ndani ya msitu wa asili hakuna jani lisilotobolewa, wala gogo lisilo na mchwa au funza. Hata hivyo ni nadra sana msitu huo kukauka eneo zima kwa sababu ya mdudu mmoja. Katika msitu wa kupandwa jambo hilo limetokea Afrika Mashariki mara kadhaa, na kila mara mwanakijiji aliyeweka akiba yake kwenye miti ameipoteza bila kuelewa kilichomfika.

Kwa nini mdudu anayeishi kwa amani mahali pamoja hugeuka balaa mahali pengine? Hilo ndilo swali linalobeba ikolojia ya wadudu waharibifu wa misitu, na watafiti wa Morogoro, Lushoto, Muguga na Kampala wamelifanyia kazi kwa zaidi ya nusu karne. Mlipuko, kwa mujibu wa ushahidi walioukusanya, hutengenezwa kwa hatua nyingi kabla mdudu hajaonekana: chaguo la mti, namna ya kuupanda, udongo unaoubeba, hali ya hewa ya mwaka huo, maadui wa mdudu waliopo au wasiokuwepo, na mizigo ya binadamu inayovuka mipaka. Mtafiti anayemhesabu mdudu peke yake huwa amechelewa.

Kidukari aliyeshuka Malawi

Kisa kinachofundisha kuliko vyote ni cha kidukari wa misaiprasi. Mwaka 1986 wataalamu wa misitu wa Malawi waliona misaiprasi ikibadilika rangi kutoka kijani kuwa manjano, kisha kahawia, ikianzia ndani ya matawi kwenda nje. Aliyehusika alikuwa kidukari wa kahawia mwenye urefu wa milimita chache, ambaye hukaa kwa makundi kwenye matawi, huchoma gome kwa mdomo wake mfano wa sindano na kufyonza utomvu. Mate yake yana sumu kwa mti, hivyo tawi hufa hata baada ya yeye kuhama. Utomvu una sukari nyingi kuliko anayoihitaji, na ziada huidondosha chini kama umaji unaonata. Juu ya umaji huo huota kuvu jeusi linalofunika majani na kuyanyima mwanga.

Majike wake huzaa majike wengine walio hai, bila dume. Kidukari mmoja akipeperushwa na upepo au akibebwa kwenye mche anaweza kuanzisha ukoo mzima. Mwaka 1988 alikuwa ameshaonekana Tanzania na Burundi, mwaka 1989 Rwanda na Uganda, na mwaka 1990 Kenya. Safari yote hiyo ilichukua miaka minne.

Mwezi Juni 1991 wataalamu wa nchi za Afrika walikutana Muguga, nje kidogo ya Nairobi, kujadili vidukari wa kigeni wanaoshambulia miti ya jamii ya misindano na misaiprasi. Walikuwa na sababu ya kuharakisha. Makadirio yaliyochapishwa baadaye yalionyesha kwamba miti iliyokufa barani ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 40 za Marekani, na kwamba ukuaji uliopotea katika miti iliyobaki hai ulifikia zaidi ya dola milioni 13 kwa mwaka. Hesabu za namna hiyo huanza na mashamba makubwa ya serikali. Ua wa shule, au mstari wa misaiprasi ambayo mzee wa Ugweno aliitegemea kwa kenchi za nyumba, ni vigumu kuuingiza katika jedwali.

Kwa nini pigo likawa kubwa kiasi kile? Mti wenyewe, Cupressus lusitanica, asili yake ni Mexico na nchi jirani za Amerika ya Kati. Uliletwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni kwa sababu hukua haraka na kutoa mbao laini. Kidukari naye asili yake ni maeneo ya Mashariki ya Karibu. Mti na mdudu hawakuwahi kukutana mpaka walipokutanishwa kwenye ardhi ya tatu, Afrika, ambako mti haukuwa na kinga iliyojengwa kwa maelfu ya miaka na mdudu hakuwa na adui aliyemzoea.

Jambo la pili ni mpangilio. Misaiprasi ilikuwa imepandwa kwa mistari, yenye umri mmoja, juu ya maelfu ya hekta, kuanzia Shume huko Lushoto hadi Kilimanjaro Magharibi na Rongai. Kati ya shamba na shamba kulikuwa na ua za vijijini. Mwenye nyumba aliona ua tu. Kidukari aliona chakula kisichokatika kutoka mlima hadi mlima.

Jambo la tatu ni majira. Idadi ya vidukari hawa hupanda wakati wa ubaridi mkavu na kushuka mvua kubwa inapowapiga na kuwaosha. Kipupwe cha milimani, kuanzia Juni hadi Agosti, ni ubaridi mkavu wa aina hiyo hasa. Hapo mti ulioishiwa maji hukutana na mdudu aliye katika kilele cha kuzaana.

Jamaa za misaiprasi waliozaliwa Afrika hawakunusurika. Mtarakwa, ambao ni mti wa asili wa milima yetu mikavu, ulishambuliwa, na hali kadhalika mwerezi wa Mlanje, mti wa taifa wa Malawi. Kosa lililoanzia shambani likaingia katika msitu wa asili.

Kwa miaka zaidi ya kumi mdudu huyu aliitwa kwa jina la jamaa yake wa Ulaya, Cinara cupressi. Mwaka 1999 wanasayansi walibaini kuwa ni spishi yake mwenyewe, wakamwita Cinara cupressivora. Utambulisho huo una uzito kwa mkulima, kwa sababu anayetafuta adui wa asili wa mdudu huanza kwa kujua nyumbani kwa mdudu huyo ni wapi.

Swali la Sao Hill

Kabla ya misaiprasi kuugua, misindano ilikuwa imeshaguswa. Kidukari mwingine, mdogo zaidi na anayejifunika nta nyeupe mfano wa sufi, alionekana Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na kuingia kwake kunahusishwa na vikonyo vya misindano vilivyoletwa kutoka Australia kwa ajili ya kuunganisha miche. Mtafiti wa Kenya J. A. Odera alichapisha mwaka 1974 taarifa ya kuenea kwake na miti anayoishambulia katika Afrika Mashariki. Kwa muda mrefu alijulikana kama Pineus pini. Siku hizi huitwa Pineus boerneri.

Tanzania ilikuwa na sababu ya kumwogopa. Sao Hill, wilayani Mufindi, ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini, na mti wake mkuu ni Pinus patula, mgeni mwingine kutoka Mexico. Hapo ndipo ilipoanzia kazi ya Seif Madoffe, mwanasayansi wa wadudu wa misitu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Tasnifu yake ya shahada ya uzamili, ya mwaka 1989, iliuliza swali la kiikolojia hasa: je, wingi wa kidukari huyu una uhusiano gani na rutuba ya mahali mti ulipo, na sehemu gani ya taji la mti anaipenda?

Swali hilo linaonekana dogo, lakini lilibadili namna ya kulitazama tatizo. Kama wadudu wangekuwa sawa kila mahali, dawa au adui wa asili ndiyo ingekuwa njia pekee. Kama wingi wao hutofautiana kwa udongo na mahali, basi sehemu ya kinga iko mikononi mwa anayechagua pa kupanda. Mwaka 1990, akishirikiana na Øystein Austarå wa Norway, Madoffe alichapisha utafiti kuhusu athari za kidukari huyo kwa ukuaji wa miche ya msindano, na mwaka 1993 wawili hao wakachapisha ulinganisho wa wingi wake katika maeneo mbalimbali ya Sao Hill. Miongo miwili baadaye, yeye na Revocatus Petro wa Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania, TAFORI, walirudi Sao Hill kuangalia hali ya mdudu yule yule.

Kurudi huko ndiko kunakotofautisha ikolojia na taarifa ya dharura. Mdudu wa msitu hawezi kueleweka kwa msimu mmoja, kwani mti wenyewe huchukua miaka ishirini au zaidi kufikia kuvunwa. Kidukari wa nta ni nadra kuua mti mzima kwa mpigo. Hupunguza ukuaji kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na hasara huonekana siku ya kupima mbao.

Nyigu asiyejulikana hata kwao

Mkaratusi ulikuwa na sifa ya kutoshambuliwa. Wakulima waliupenda kwa sababu hiyo, ingawa wengi walijua tabia yake ya kunywa maji. Mwaka 2000 miti ya mikaratusi huko Israel ilianza kuota vinundu kwenye mshipa wa kati wa majani, kwenye vikonyo na kwenye machipukizi. Ndani ya vinundu mlikuwa na watoto wa nyigu wa kahawia mwenye mng'ao na urefu wa milimita moja na kidogo. Mwaka 2002 alikuwa ameshafika Kenya na Uganda. Mwaka 2005 akaripotiwa Tanzania.

Mdudu huyu alipewa jina la kisayansi, Leptocybe invasa, mwaka 2004, yaani baada ya kufika Afrika Mashariki. Asili yake ni Australia, lakini hata huko hakuna aliyekuwa amemwandika. Maadui wake wa asili, ambao ni nyigu wengine wanaotaga ndani ya vinundu vyake, walimweka katika idadi ndogo kiasi kwamba hakuna aliyemtambua. Alipotoka kwao bila wao, akavuka mabara. Ushahidi mzito zaidi ya huu kwamba balaa la mdudu hutokana na mahusiano yaliyokatika ni vigumu kuupata.

Philip Nyeko wa Chuo Kikuu cha Makerere alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchunguza vinundu hivyo katika Afrika Mashariki, katika makazi ya wakimbizi ya Oruchinga, kusini magharibi mwa Uganda. Nchini Tanzania, Petro na Madoffe pamoja na Said Iddi walipima mashambulizi kwenye aina tano za mikaratusi inayopandwa kibiashara, na baadaye wakapima athari zake kwa miche ya Eucalyptus grandis na Eucalyptus saligna. Aina hutofautiana kwa kiasi kikubwa katika kushambuliwa, na mche mdogo ndio unaoumia zaidi, kwa sababu nyigu hutaga kwenye sehemu changa tu. Mti mkubwa hustahimili. Mche hudumaa, hupinda na wakati mwingine hufa.

Kwa hiyo kitalu ndicho mlango wa kuingilia. Miche ya mikaratusi husafiri kwa magari madogo na pikipiki kutoka wilaya hadi wilaya, na kinundu kilicho kwenye jani la mche mmoja hubeba kizazi kijacho cha nyigu. Mkulima wa Msangeni anayenunua miche kutoka mkoa mwingine anaweza kununua na mdudu wake bila kujua, na muuzaji naye asijue.

Somo la mlusina

Katika miaka ya 1980 mlusina ulihubiriwa kila mahali kama mti wa miujiza: malisho ya ng'ombe wa maziwa, kuni, mbolea ya kijani, kizuizi cha mmomonyoko. Kisha mdudu mdogo arukaye, Heteropsylla cubana, akatoka Amerika ya Kati na Karibi. Alionekana Hawaii mwaka 1984, akapita Ufilipino na Indonesia, akavuka Bahari ya Hindi, na mwaka 1992 akafika pwani ya Kenya na Tanzania. Hufyonza machipukizi mapya, na kwa kuwa mkulima hukata mlusina mara kwa mara ili utoe majani laini, alikuwa akimwandalia mdudu huyo chakula bora kuliko kingine chochote.

Mwaka 1995 nyigu vimelea Tamarixia leucaenae, aliyetoka Trinidad, aliachiliwa Tanzania, na Madoffe na wenzake walifuatilia maisha yake mapya. Nyigu huyu hutaga yai juu ya mtoto wa mdudu wa mlusina; buu likianguliwa humla mwenyeji wake mpaka akabaki ganda. Waliomwachilia hawakuwa na lengo la kumfuta mdudu wa mlusina. Walitaka kumrudisha kwenye idadi ambayo mti unaweza kuibeba.

Uzoefu huo ulikuwa pia karipio la kitaalamu. Mti ule ule, mara nyingi wa mbegu za asili moja, ulikuwa umesambazwa Asia, Pasifiki na Afrika kwa wakati mmoja. Mdudu mmoja alitosha kuwafikia wakulima wote hao.

Miti ya kwetu nayo ina wadudu wake

Lingekuwa kosa kuhitimisha kwamba dawa ni kupanda miti ya asili tu. Mvule ni mti wa Afrika, na kwa mbao zake umewindwa hadi kuadimika. Wanaojaribu kuupanda kwa mistari hukutana na Phytolyma, mdudu mfyonzaji ambaye husababisha uvimbe kwenye machipukizi. Uvimbe huo hupasuka na kuoza, na mche hudumaa. Mkangazi nao, mti mwingine wa asili wenye mbao nyekundu za thamani, hutobolewa kwenye kilele na kiwavi wa nondo Hypsipyla robusta. Mti hautakufa, bali utachipua matawi mengi badala ya shina moja lililonyooka, na bei ya mbao itaporomoka.

Wadudu wote hawa wawili wanaishi msituni tangu enzi. Ndani ya msitu mchanganyiko mvule mmoja husimama mbali na mwenzake, mche hukua kivulini, na ndege, siafu na nyigu huwinda machipukizi yale yale. Mdudu hutumia nguvu nyingi kuutafuta mti unaofuata. Ukiipanga mivule mia kwenye jua kali, kazi ya kutafuta imemwishia.

Uhusiano huo hubadilika pia kwa upande wa pili. Mende wa pembe ndefu Oemida gahani ni mwenyeji wa misitu ya milimani ya Afrika Mashariki, akitoboa mtarakwa na miti mingine. Misaiprasi ilipopandwa kwa wingi Kenya na kaskazini mwa Tanzania alihamia huko, akiingia hasa kupitia majeraha ya matawi yaliyokatwa au magome yaliyochunwa na wanyama. Mwenyeji asiye na madhara akapata chakula kipya na njia mpya ya kukifikia, na njia hiyo alifunguliwa na panga la mpogoleaji. Watafiti waliochunguza tabia yake katika miaka ya 1950 na 1960 walilazimika kuandika kuhusu wakati na namna ya kupogolea kwa uzito ule ule waliouandikia mdudu.

Joto, ukame na mwinuko

Mdudu hana joto lake mwenyewe la mwili. Hulipata kwenye hewa. Hewa ikipanda joto, yai huanguliwa mapema, vizazi huongezeka kwa mwaka, na mipaka ya mwinuko anamoweza kuishi husogea juu. Mti nao, ukikosa maji, hupunguza utomvu na gundi ambavyo ni ngao yake. Mambo hayo mawili yakitokea pamoja, mizani hulala upande wa mdudu.

Dunia ilishuhudia hilo katika jimbo la British Columbia, Kanada. Kuanzia miaka ya 1990 mende wa magome ya misindano, ambaye ni mwenyeji wa misitu hiyo, alishambulia eneo lililofikia zaidi ya hekta milioni 18. Baridi kali iliyokuwa ikimuua wakati wa majira ya baridi ilikuwa imelegea, na misindano mingi ilikuwa imezeeka kwa pamoja kwa sababu mioto ilikuwa ikizimwa kwa miongo mingi. Hata huko hakuna mgeni aliyekuja. Mahusiano ndiyo yaliyobadilika.

Milima ya Upare hulisoma jambo hili kwa njia yake. Kutoka tambarare kavu zinazoelekea Ziwa Jipe hadi kileleni Kindoroko ni mwendo mfupi, lakini ndani yake hali ya hewa hubadilika kutoka nusu jangwa hadi msitu wenye ukungu. Mdudu anayependa joto ana ngazi ya kupandia, hatua kwa hatua.

Dawa, maadui na macho

Wengi huanza kwa kuuliza dawa ya kunyunyizia. Kwenye kitalu inaweza kusaidia, ikitumiwa kwa uangalifu. Kwenye mti wa mita ishirini mlimani ni jambo la gharama na hatari: sumu huua nyuki na wadudu wanaowala vidukari, na maji ya mvua huishusha kwenye vijito vinavyojaza mifereji na ndiva, yale mabwawa ambayo Wapare wamemwagilia nayo mashamba kwa vizazi. Baada ya wiki chache mdudu mharibifu hurudi, naye huzaana haraka kuliko maadui zake walionyunyiziwa pamoja naye.

Udhibiti wa kibiolojia una rekodi bora zaidi. Mwaka 1926 Afrika Kusini ilimwachilia nyigu Anaphes nitens kutoka Australia dhidi ya fukusi wa mkaratusi aliyeingia mwaka 1916, na mafanikio yake yakawa mfano kwa nchi nyingine, ikiwemo Kenya. Dhidi ya kidukari wa misaiprasi, nyigu Pauesia juniperorum kutoka Ulaya aliachiliwa Malawi mwaka 1994, katika kazi iliyoandikwa na mtafiti wa huko Clement Chilima, na kisha Kenya. Nyigu huyo hutaga ndani ya kidukari. Buu humla kutoka ndani na kuacha ganda kavu lililovimba, ishara ambayo mtu mwenye lenzi ya mkononi anaweza kuihesabu tawini.

Njia hii ina masharti magumu. Adui huchunguzwa kwanza karantini, kuhakikisha hatageukia wadudu wasiohusika. Huchukua miaka, na ikifanikiwa hupunguza mlipuko bila kuuondoa kabisa. Tena haimkingi mkulima dhidi ya mdudu atakayefuata, ambaye pengine yuko bandarini leo ndani ya mbao za kufungia mizigo.

Kwa sababu hiyo watafiti wameegemea zaidi uangalizi wa afya ya msitu. Mwaka 2006 Madoffe na wenzake walichapisha matokeo ya kufuatilia afya ya misitu iliyochaguliwa katika Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya, ikapita Upare na Usambara, hadi Udzungwa. Njia yake ni kuweka viwanja vya kudumu, kuutambua kila mti uliomo, na kuandika hali ya taji, majeraha na miche inayoota, ili atakayerudi miaka mitano baadaye awe na cha kulinganisha. Bila kipimo cha mwanzo, mti mmoja mkavu hauwezi kutofautishwa na mwanzo wa maafa.

Mtafiti hawezi kuwa kila mlima. Nyeko na wenzake walilitambua hilo walipochunguza, katika wilaya ya Kabale nchini Uganda, ujuzi wa wakulima wenyewe kuhusu wadudu wa miti ya kilimo mseto, na kuuchapisha mwaka 2002 kama utafiti kamili. Mkulima huuona mti wake kila asubuhi. Anachokosa ni mahali pa kupeleka alichokiona, na mtu wa kumjibu.

Tanzania ina taasisi za kupokea habari hizo. TAFORI ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1980. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, husimamia mashamba na hifadhi za serikali. Na Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda mamlaka moja, TPHPA, yenye makao yake Arusha, inayoshughulikia karantini na viuatilifu. Kiungo cha kuimarisha ni kile kati ya kijiji na taasisi hizo. Afisa misitu wa wilaya akiwa na chupa ndogo za spiriti, lenzi, na fomu fupi inayouliza aina ya mti, sehemu iliyoshambuliwa, tarehe na mwinuko wa mahali, anaweza kupeleka sampuli Lushoto au Morogoro kabla msimu haujapita. Vitalu vya vijiji vikikaguliwa kabla ya miche kuuzwa, nyigu wa mikaratusi atakuwa amefungiwa mlango anaoutumia zaidi.

Kuhusu kupanda, ushahidi unaelekeza kwenye mchanganyiko. Mwenye shamba Msangeni asiweke akiba yake yote kwenye mti wa aina moja na umri mmoja. Mikaratusi ikae mbali na chemchemi na isipandwe ya asili moja tu. Migrevilea ichanganywe na mringaringa. Mkangazi uoteshwe chini ya kivuli cha miti mingine badala ya jua tupu. Na ua wa misaiprasi ukatizwe kwa mimea ya jamii nyingine. Mapendekezo haya yanataka miche ya aina nyingi ipatikane kwa bei ile ile na mahali pale pale panapouzwa mikaratusi, na hilo ni jukumu la halmashauri na TFS kabla halijawa la mkulima.

Upare una nafasi ambayo watafiti huitafuta kwa gharama kubwa kwingineko: hifadhi ya maji, mpungi wa ukoo na miti ya kupandwa, yote juu ya mlima mmoja, ndani ya mwendo wa siku moja kwa miguu. Viwanja vya kudumu vikiwekwa katika misitu yote mitatu, Kindoroko au Minja kwa upande wa hifadhi, mpungi mmoja kwa ridhaa ya wazee wake, na mashamba ya miti ya wanakijiji walio tayari, wadudu wale wale wanaweza kuhesabiwa katika mazingira matatu kwa wakati mmoja. Wanafunzi wa sekondari za Ugweno na Usangi wanaweza kufunzwa kuhesabu vidukari na maganda ya nyigu vimelea kwenye matawi yaliyowekwa alama. Hesabu ya kwanza ifanyike kipupwe, vidukari wa misaiprasi wakiwa wengi. Ya pili ifanyike masika ikishakwisha. Na takwimu zake ziende TAFORI na SUA kila mwaka, nakala moja ikibaki ofisi ya kijiji.